5X-UV: mzee alifanyia kazi shirika la nani?

Swali limetoka kwa mwalimu mmoja wa Nakuru, nami nalifupisha hivi: “Baba yangu alifariki mwaka jana. Katika sanduku lake la bati tumekuta mkoba wa turubai ulioandikwa East African Airways, na picha moja nyeusi na nyeupe. Amesimama mbele ya ndege kubwa yenye injini nne, zote nyuma. Ubavuni mwa ndege panasomeka 5X-UV, kisha kona ya picha imeliwa na mende. Nyuma ya picha ameandika kwa mkono wake: Embakasi, Desemba 1968. Mwanangu amesoma kwamba 5X ni alama ya Uganda, na kwamba Kenya Airways ilianza 1977. Kwa hiyo anasema babu yake alifanya kazi kwenye shirika la Uganda, si la taifa letu. Mzee mwenyewe alikuwa akituambia alianza kazi Kisumu akiwa kijana, akipakia mizigo, na kwamba ndege za kutoka Ulaya zilifika Kisumu kabla ya Nairobi. Tumwamini nani?”

Mwalimu, pole sana kwa msiba. Mwamini mzee.

Kijana wako naye hajadanganya. 5X ni Uganda kweli, na Kenya Airways ni ya 1977 kweli. Ila hizo ni kweli mbili, na katikati yake pana shirika zima, East African Airways, lililoishi miaka thelathini na moja ambalo shuleni halitajwi sana. Baba yako alikuwa mtu wa shirika hilo, na lilikuwa la Kenya kama lilivyokuwa la Uganda na la Tanzania.

Mimi nilikuwa fundi wa ndege, sasa nimestaafu, nakaa hapa Kisumu upande wa Usoma, karibu na uwanja. East African Airways, ambayo wenyewe waliiita EAA, sikuifanyia kazi. Nilipoanza kushika spana ilikuwa imeshakufa. Lakini walionifundisha kazi walikuwa watu wake, na wawili kati yao walikuwa wamepita chuo cha urubani na ufundi wa ndege cha Soroti, kile kilichoanzishwa na Afrika Mashariki yote mwaka 1971 na kubaki Uganda baada ya kila kitu kugawanywa. Kwa hiyo swali lako nalijibu kama mtu anayeulizwa habari za babu yake mwenyewe.

Nianze na maneno ya mzee kuhusu Kisumu, kwa sababu hayo ndiyo watu huyachukua kama hadithi za kujisifu. Tarehe 28 Februari 1931 ndege ya Imperial Airways, shirika la Waingereza, iliondoka Croydon nje ya London ikianza huduma mpya ya barua na abiria kuja Afrika. Mwisho wa safari ulikuwa Mwanza, na kituo cha Kenya kilikuwa Kisumu. Abiria na mifuko ya barua walibadilishiwa ndege njiani. Toka Khartoum kuja huku walipanda ndege ya maji iitwayo Calcutta, yenye injini tatu na nafasi ya abiria wapatao kumi na watano, tumbo lake limechongwa kama mashua. Ilifuata Nile hatua kwa hatua, ikashuka Butiaba kwenye Ziwa Albert, ikashuka Port Bell, halafu ikaingia ghuba yetu. Hiyo ilikuwa Machi 1931. Barua za Nairobi zilichukuliwa hapa Kisumu na ndege ndogo za Wilson Airways. Mwaka uliofuata, Januari 1932, njia ikasogezwa hadi Cape Town, na kutoka Kisumu kwenda kusini watu walipanda ndege ya nchi kavu iliyopitia Nairobi. Basi mzee alikuwa sahihi: kwa huduma ile ya kutoka London, Kisumu ilitangulia.

Kwa nini Kisumu? Kwa sababu ya maji. Wakati ule viwanja vya kutua vilikuwa vipande vya nyasi, mvua ikinyesha ni tope, na ndege nzito haikuthubutu. Ziwa halikuhitaji kufyekwa wala kusawazishwa. Na Kisumu ilikuwa na kitu kingine ambacho kilishaifanya mlango wa nchi: reli ilikuwa imefika hapa tangu Desemba 1901, ikakutana na meli. Ndege ilipokuja ikawa ya tatu kufika kwenye gati lile lile.

Watu wengi hudhani kuruka kutoka majini ni rahisi ziwa likitulia. Ni kinyume chake. Ziwa likilala kama kioo, maji hushika tumbo la ndege yasitake kuliachia. Rubani hukimbia na kukimbia na ndege haiinuki. Dawa yake ilikuwa kuzungusha motaboti mbele ya ndege ili kuvunja uso wa maji, upepo upate kupenya chini. Wazee wa pwani hii wanaofahamu upepo wa asubuhi na ule wa mchana watakuelewa mara moja. Ukija Kisumu, Mwalimu, simama Dunga au pale Usoma uitazame ghuba. Siku gugumaji likiwa limefunika, utaona shamba la kijani. Ni vigumu kuamini kwamba kuanzia 1937 hapo ndipo zilipotua zile ndege kubwa za maji za kampuni ya Short, zenye injini nne, vyumba vya abiria, jikoni na sakafu mbili, zikitoka Southampton kwenda Durban. Na vita vilipofunga njia ya Mediterania mwaka 1940, Kisumu ikawa kituo kwenye njia ndefu kupita zote za Waingereza, iliyotoka Durban ikapanda hadi Cairo na kushuka tena mpaka Sydney, ikichora umbo la kiatu cha farasi.

Hizo zote, hata hivyo, zilikuwa ndege za wageni zinazopita. Shirika la nyumbani lilianza kwa mwanamke mmoja. Florence Kerr Wilson, mjane mlowezi, alifungua Wilson Airways Nairobi mwishoni mwa Julai 1929 akiwa na rubani Tom Campbell Black na ndege moja ndogo aina ya Gipsy Moth. Uwanja wa Wilson umechukua jina lake. Wewe uliye Nakuru utapenda kujua kwamba huyo huyo Campbell Black ndiye aliyemfundisha kurusha ndege Beryl Markham, msichana aliyekulia Njoro, ambaye Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Nova Scotia, akipambana na upepo wa usoni usiku kucha. Wilson Airways ilijenga mtandao mzuri wa barua na abiria humu Afrika Mashariki, lakini vita vilipozuka 1939 ndege na marubani wake walichukuliwa na serikali kwa kazi za kijeshi, na shirika halikuinuka tena.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na EAA. Ilianza tarehe 1 Januari 1946, mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, Kenya ikiwa na sehemu kubwa zaidi. Ilianza na ndege sita za kukodi za de Havilland Dragon Rapide. Rapide ni ndege ya mabawa mawili juu na chini, mbao na kitambaa kilichopakwa rangi ngumu, abiria wanane. Mmoja wa walimu wangu alinionyesha kipande cha kitambaa cha bawa la ndege ya aina hiyo alichokihifadhi: ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Alisema fundi wa zamani alijua bawa liko salama kwa sauti hiyo kabla hajalitazama.

Miaka ya kati naipita haraka. Zikaja Dakota, ndege zilizotumika vitani. Moja yao ndiyo iliyomchukua Elizabeth kutoka Nanyuki hadi Entebbe tarehe 6 Februari 1952, siku baba yake alipofariki naye akawa malkia akiwa Kenya. Zikaja Argonaut za injini nne, na mwaka 1960 zikaja Comet, ndege za jeti, wakati nchi zetu zote bado ziko chini ya bendera ya Uingereza. Baada ya hapo ikaja Fokker Friendship, mabawa juu, propela mbili, ndege ya safari fupi ambayo watu wa magharibi mwa Kenya waliizoea kuliko nyingine yoyote. Kama mzee alipakia mizigo Kisumu, Dakota na Fokker ndizo zilizomvunja mgongo.

Sasa picha yako.

Injini nne zote nyuma, mbili kila upande, na mkia mrefu uliobeba bawa dogo kileleni kama herufi T: hiyo ni Super VC10. Haikuwahi kuwa ndege ya Kisumu, ilikuwa ya Embakasi, uwanja mkubwa wa Nairobi, na mzee aliandika mahali kwa usahihi. Inaonekana alihamishwa kutoka huku, au alikwenda kikazi akapiga picha. Waingereza waliiunda VC10 wakifikiria hasa viwanja kama vyetu. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua la mchana huzidi kuipunguza, kwa hiyo bawa hupata kidogo cha kushika na injini hupata kidogo cha kuvuta. Ndege ikijaa abiria na mafuta ya kufika Ulaya, njia ya kurukia inakuwa fupi. Waundaji wakaondoa injini chini ya mabawa wakazipeleka nyuma, bawa lote likabaki safi kwa kazi moja tu ya kuinua. Ndiyo maana marubani wa EAA waliipenda. Iliondoka Embakasi mchana wa joto bila kusitasita.

EAA ilinunua Super VC10 tano. Hapa ndipo herufi zinapoingia. Kila ndege duniani lazima isajiliwe na nchi moja, nayo hubeba alama ya nchi hiyo ubavuni kama gari linavyobeba namba. Enzi za ukoloni ndege za Kenya zilianza na VP-K. Baada ya uhuru Kenya ikapewa 5Y, Tanzania 5H, Uganda 5X. Lakini EAA haikuwa ya nchi moja, na hakuna alama ya kimataifa ya nchi tatu pamoja. Dawa ilikuwa kuzigawa ndege katika daftari za nchi zote tatu. Zile VC10 tano zilisajiliwa hivi: 5X-UVA na 5X-UVJ Uganda, 5H-MMT na 5H-MOG Tanzania, na 5Y-ADA Kenya. Umeona? Kenya, ambako makao makuu yalikuwako na karakana zilikuwako, ilikuwa na moja tu kwenye daftari lake. Mkenya wa Kisumu kupigwa picha mbele ya 5X lilikuwa jambo la kila siku kama vile Mganda kushona viatu Nakuru. Rubani angeweza kuwa Mtanzania, fundi Mkenya, ndege ya Uganda, na wote wakalipwa na mwajiri mmoja.

Mwambie kijana, basi, kwamba 5X inaonyesha daftari ambamo ndege iliandikwa. Aliyemlipa babu anaonekana kwenye mkoba wa turubai.

Kuhusu ile herufi iliyoliwa na mende. Ndege za Uganda zilikuwa mbili, kwa hiyo ni A au J. 5X-UVA ilifika 1966, ya kwanza kabisa kati ya zile tano. 5X-UVJ haikukabidhiwa mpaka 1969. Mzee ameandika Desemba 1968. Kama tarehe ni sahihi, na mtu aliyeandika mahali kwa usahihi nadhani aliandika na mwezi kwa usahihi, basi iliyo nyuma yake ni 5X-UVA.

Hapo nilikaa kimya kidogo kabla ya kuendelea kukuandikia, kwa sababu kila fundi wa rika langu anaijua ndege hiyo. Tarehe 18 Aprili 1972 iliondoka Nairobi kwenda London kupitia Addis Ababa na Roma. Ilipokuwa ikikimbia kuruka kutoka Addis, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma, kikalio cha jeki, kilichoachwa kwenye njia ya kurukia na ndege nyingine ndogo. Tairi likapasuka. Rubani akaamua kusimama, na bado palikuwa na nafasi. Lakini breki hazikushika kwa nguvu zake zote: sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imefunguliwa na kurudishwa vibaya. Ndege ikapita mwisho wa lami, ikaanguka kwenye mteremko, ikawaka moto. Walikuwamo watu 107, wakafa 43.

Mwalimu wangu mmoja alikuwa akiichora habari hiyo ubaoni kila mwaka kwa kundi jipya la wanafunzi. Alichora kwanza kile kipande cha chuma, kidogo, akakizungushia duara. Kisha akachora mabomba ya breki, mshale baada ya mshale, mpaka pale mafuta yalipotakiwa kupita yasipite. Halafu aliweka chaki chini, akasema kwamba kosa la kwanza lilikuwa la mtu asiyejulikana kwake, na kosa la pili lilikuwa la mtu kama sisi. Hakuongeza neno. Toka siku hiyo, kila nilipofunga breki ya ndege nilimwita mwenzangu ambaye hakuigusa aje aikague, hata kama ni saa nane za usiku na amelala kwenye benchi. Sijui kama baba yako aliwahi kuwaeleza habari ya ndege hiyo. Kama hakueleza, na bado aliitunza picha miaka yote hiyo kwenye sanduku, huenda alikuwa na sababu.

Umeuliza pia, kwa maneno ya mwanao, mbona basi tunahesabu kuanzia 1977. Hili linahitaji maelezo, na naomba univumilie, kwa sababu watu hulipita kwa neno moja: siasa.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi Kampala tarehe 6 Juni 1967. Jumuiya yenyewe ilipewa makao Arusha, na mashirika yakagawanywa: bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, reli na ndege Nairobi. Juu ya yote palikuwa na baraza la marais watatu, Kenyatta, Nyerere na Obote. Mambo makubwa ya EAA, kama mtaji na madeni ya ndege mpya, hatimaye yalitegemea hao watatu kukaa meza moja. Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote. Nyerere akakataa kukaa na Amin, na sidhani kuna anayeweza kumlaumu mtu kwa kukataa kumkaribisha aliyempindua rafiki yake. Lakini matokeo yake kwa shirika la ndege yalikuwa mazito: lile baraza halikukutana tena.

Chini ya hapo palikuwa na fedha. Tiketi ziliuzwa Dar es Salaam kwa shilingi ya Tanzania, Kampala kwa shilingi ya Uganda, Nairobi kwa shilingi ya Kenya. Mafuta, vipuri na deni la VC10 vililipwa kwa fedha za kigeni. Kila nchi ilikuwa imeanza kulinda akiba yake ya fedha za kigeni, kwa hiyo mauzo ya nchi moja yalichelewa kufika makao makuu, kisha yakachelewa zaidi, kisha yakazuiwa. Kenya ikasema inabeba mzigo wa wenzake. Tanzania na Uganda zikasema kazi nzuri, karakana na watalii vyote viko Nairobi, na wao wanachangia utajiri wa jirani. Nimesikia hoja hizi mbili zikitetewa kwa machozi na wazee wa pande zote, na maoni yangu ni kwamba kila upande ulikuwa na haki katika lalamiko lake na hakuna aliyekuwa na haki ya kuliacha shirika life kwa ajili yake.

Ikaongezeka bei ya mafuta kupanda ghafla mwishoni mwa 1973. Ile VC10, bingwa wa viwanja vya juu, ilikuwa na kiu ya mafuta kuliko Boeing 707. Mafuta yakiwa rahisi, kiu hiyo ilivumilika. Yalipopanda, kila safari ya London ilizidi kuuma. EAA ilikuwa na abiria, ilikuwa na mafundi ambao mashirika makubwa ya nje yaliwaheshimu, ilikuwa na jina. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kusema: tuuze hizi, tununue zile, kila mmoja alete fungu lake.

Mwisho wa Januari 1977 ndege za EAA zikaacha kuruka. Sasa angalia tarehe, Mwalimu, maana hapa ndipo jibu la kijana wako lilipo. Kenya Airways iliundwa tarehe 22 Januari 1977. Ilianza kuruka tarehe 4 Februari, kwa Boeing 707 mbili zilizokodiwa kutoka British Midland, Nairobi kwenda Frankfurt na London. Siku kumi na tatu! Hakuna nchi duniani inayojenga shirika la ndege kwa siku kumi na tatu. Marubani hawafundishwi kwa muda huo, wala mafundi, wala watu wa kukata tiketi, wala wapakiaji wanaojua mzigo mzito uwekwe wapi ili ndege isielemee mkia. Watu hao walikuwako tayari, Embakasi, Mombasa na hapa Kisumu. Ijumaa walikuwa wa shirika moja, wakaja kuwa wa jingine wakiwa na sare ile ile mpaka mpya zishonwe. Hata Fokker zilizobaki Kenya ziliendelea na kazi, zimepakwa rangi nyingine tu. Ndiyo maana nakataa kusema Kenya Airways ilizaliwa 1977. Kwa macho yangu, mwaka huo nyumba moja iligawanywa, na sisi tukabaki na chumba kikubwa.

Wenzetu waligawana vilivyobaki. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwezi huo huo wa Februari, ukakaa umefungwa hadi 1983. Air Tanzania ikaundwa Machi 1977. Uganda ilikuwa imeshaunda Uganda Airlines mwaka mmoja kabla. Mgawanyo wa mali na madeni ya Jumuiya ulimalizika kwa makubaliano ya Arusha ya Mei 1984, baada ya miaka ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht. Familia nyingi zilikuwa zimegawanyika kabla ya mali. Katika ile karakana niliyojifunzia kazi, palikuwa na kabati la zana ambalo jina la mwenyewe, Mtanzania, lilikuwa bado limeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu. Hakuna aliyelifuta, na hakuna aliyelichukua kabati hilo kwa miaka.

Zile VC10 nne zilizosalia zilirudishwa Uingereza kwa ajili ya madeni, na jeshi la anga la huko likazigeuza kuwa ndege za kujazia nyingine mafuta angani. Zilidumu kuliko shirika lenyewe. Ya Tanzania, 5H-MMT, ikiwa na namba ya kijeshi ZA147, ndiyo iliyoruka safari ya mwisho ya VC10 yoyote duniani, tarehe 25 Septemba 2013. Mwenzake 5H-MOG, ambayo ilikuwa VC10 ya mwisho kabisa kutoka kiwandani mwaka 1970, ilitua Dunsfold, kusini mwa London, siku moja kabla yake, na imehifadhiwa. Kwa hiyo kama mjukuu wa mzee atafika Uingereza siku moja, anaweza kusimama mbele ya dada wa ile ndege ya kwenye picha.

Na Kisumu? Ndege za maji ziliondoka baada ya vita, kwa sababu majeshi yaliacha viwanja vizuri vya nchi kavu kila mahali. Za mwisho kupita Kenya zilikuwa zikitua Naivasha, hapo kwenu kaunti ya Nakuru, hadi 1950. Uwanja wetu ulibaki na Dakota, halafu Fokker, ukarefushwa na kufunguliwa rasmi kuwa wa kimataifa na Rais Kibaki mwaka 2012. Njia yake ya kurukia inaelekea ziwani. Ndege ya asubuhi kutoka Nairobi ikija kutua kutoka upande wa maji, hupita juu ya sehemu ile ile ambako Calcutta ilipasua mawimbi mwaka 1931.

Mambo mawili kuhusu vitu vyenyewe, kabla sijakuachia. Picha usiitie plastiki ya moto, joto litaikausha na kuipasua. Iweke ndani ya bahasha ya karatasi, si nailoni, mahali pakavu pasipo mende. Na kabla ya kuiweka, ichukue nje kwenye mwanga wa jua la asubuhi, uitazame ile kona kwa kioo cha kukuzia. Mende hula karatasi kuanzia ukingoni, na mara nyingi huacha mguu wa herufi. A ina mguu ulioinama. J imejikunja chini kama ndoana. Ukiona chochote, niandikie.